Makaroni ya Tarehe Ishirini na Moja

Leo ishirini na moja,
na mshahara, kama mgeni mwenye makuu,
hauji mpaka ishirini na tano.

Thuraya yuko zamu ya jioni hospitali.
Kaniachia watoto watatu, mama yake,
na neno moja mlangoni: "Wapikie."
Hakusema nini.

Nikavuka barabara mpaka dukani kwa Biju.
Mabela yote imelala chini ya joto
kama shati lililosahauliwa chini ya pasi.
Nikachukua pakiti mbili za makaroni, zile ndefu nyembamba,
kopo la jodari, kikopo cha tungule,
na vitunguu viwili nilivyovigeuzageuza
kama baba anayechagua mkwe.
Riali moja kasoro baisa hamsini.
Biju alifungua daftari kabla sijafungua mdomo.
Hiyo nayo ni adabu.

Mwezi wa saba hapa
maji hayahitaji kubembelezwa yachemke.
Tangi liko juu ya dari, jua limelipika tangu alfajiri;
nafungua bomba la baridi, mkono unaruka wenyewe.
Nasema alhamdulillahi. Gesi imebaki kidogo,
nimeugonga mtungi ukaniitikia kama debe.
Nchi ukishaizoea,
hata ukali wake hukusaidia kupika.

Chumvi. Tena. Bado kidogo.
Azzan anauliza kwa Kiarabu, tunavunja au hatuvunji?
Namjibu kwa Kiswahili, hatuvunji.
Rayya anasema mwalimu wao kasema Wataliana hawavunji.
Mundhir ameshavunja.

Kitunguu thomu kinanong'ona kwenye mafuta,
kisha bizari, kisha ndimu kavu niliyoitoboa kwa uma,
jodari namchambua kwa vidole,
tungule inaruka na kuniandika
kwenye kanzu niliyosahau kuvua.
Pakiti inasema dakika kumi.
Saa ya ukutani imesimama tangu Ramadhani,
basi nikahesabu kwa moyo,
na moyo, siku za mwisho wa mwezi, huenda mbio.

Mama mkwe akatokea na kijiko chake mkononi.
"Tambi hizi?"
"Makaroni, mama."
"Tambi."
Miaka hamsini Maskati,
na kila kitu bado anakiita jina alilokikuta nalo Unguja.
Akachungulia sufuria ya pili.
"Za samaki? Na ndimu? Mtoto wa watu,
umegombana na nani?"

Akateka bakuli moja kabla ya mchuzi,
akatia samli, akatia sukari,
iliki akaiponda kwa kitako cha gilasi,
zabibu kavu saba.
Nilizihesabu. Naye alizihesabu.

Tukatandika sufra sebuleni chini ya kiyoyozi
kinachodondosha maji yake kwenye ndoo, tone, tone.
Mundhir kaonja bakuli la bibi yake.
Rayya naye, kumhakikishia Mundhir.
Azzan kahama upande kabisa, na sahani yake tupu.
Sufuria yangu ikabaki katikati
kama bwana harusi aliyekimbiwa,
inafuka moshi, inajikaza.

Hakunicheka. Laiti angenicheka.
Alinigusa goti akasema:
"Usihuzunike, mkwe wangu. Umepika vizuri.
Umekosea chakula tu."

Thuraya karudi saa tano, viatu mkononi.
Hakuwasha taa. Nilikuwa nimeamkia maji
nikamwona kwa mwanga wa friji,
bado na sare, kitambulisho kinaning'inia shingoni,
amesimama anakula sufuriani, kwa uma,
makaroni ya baridi yaliyoshikana,
na jodari, na ndimu kavu
aliyoitafuna nzima, na uchungu wake,
akafumba macho.

Sikumuuliza kama ni tamu.
Nilisikia uma ukikwangua chini ya sufuria,
pande zote, polepole,
kwenye ukoko.

Nikarudi kulala na kiu yangu.
Kesho ishirini na mbili.