Kiberiti cha Asegelile

Jumatatu. Mvua ya Kyela haijakatika tangu Ijumaa.
Asegelile ananiletea choo chake ndani ya kiberiti,
amekizungushia jani la mgomba kama zawadi ya harusi.
"Shika, binti. Na usicheke."
Sicheki. Mwaka wa kumi na saba huu nafungua viberiti.

Chini ya darubini mayai ya safura yamelala,
ganda jembamba kama pumzi kwenye kioo.
Mazuri. Mungu anisamehe, ni mazuri.

Namtoboa kidole: sukari tano nukta moja.
Presha ya kijana wa sekondari.
Ana miaka sitini na minne, analima mpunga pekupeku,
matope ya Ipinda yanampanda hadi magotini.

Mdogo wake, Lwitiko, yuko Mbeya mjini, Soweto:
duka la vipuri, kiti cha kuzunguka,
viatu tangu alfajiri mpaka kitandani.
Hana mnyoo hata mmoja.
Ana insulini kwenye friji, ubavuni mwa soda,
na mwaka jana moyo ulimsimamisha kwenye ngazi
kama trafiki: lete leseni.

Alikuja mtafiti, kijana wa Njombe, na boksi lake la barafu,
akachukua damu ya wote wawili.
Chai mkononi, akasema: huenda.
Huenda mnyoo, ili asifukuzwe, huubembeleza mwili,
huyatuliza majeshi ya damu,
na ule moto mdogo usioonekana
unaoitafuna mishipa ya walioshiba
ukakosa kuni.
Huenda. Au ni jembe tu, na miguu, na ndizi za kuchemsha.
Hakujua. Nilimpenda kwa kutojua kwake.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu kakaa tumboni miaka arobaini,
sisi tukidhani anakula bure.
Kumbe huenda usiku, taa zikizimwa,
alikuwa analima.

Lakini kiberiti cha pili ni cha Tumpe,
mjukuu wake, darasa la tatu,
viganja vyeupe kama unga wa muhogo,
moyo unakimbia naye amekaa.
Mgeni yuleyule.
Hapa halimi. Anakunywa tu.

Naandika dawa, ya babu na ya mjukuu.
Asegelile anavigeuzageuza vidonge kiganjani:
"Nikiwafukuza hawa, nitakuwa kama Lwitiko?"

Mvua juu ya bati.
Nasema: vaa viatu, mzee.
Nasema: soda usiianze.
Lile "sijui" nalimeza mwenyewe,
bila maji.