Herufi Kumi

Jiwe hili la chokaa limetoka mlima Vlašić,
jeupe kama jibini tunalouza huku chini Travnik.
Natoza marka tatu kwa kila herufi.
Tarehe ni bure; hakuna aliyejichagulia.

Zumreta amekuja na karatasi iliyokunjwa mara nne:
jina la mama yake, Munevera,
na chini yake, kwa wino wa kijani,
neno moja: merhametli.
Nikamwambia, binti, hizo ni herufi kumi.
Akasema, kuhesabu najua.

Sikuwa nazungumzia bei.
Neno hilo ukiligonga polepole kwa patasi
utasikia rehema ikigeuka ubavu ndani yake.
Tunampa mtu anayetoa kisha akasahau kwamba katoa,
lakini tunampa akiwa hayupo,
kwa sauti ya chini, kijiko kikizunguka kikombeni.
Hakuna anayejiita hivyo.
Sarufi inaruhusu; ulimi ndio unaogoma,
kama farasi mbele ya daraja bovu.

Na wapo wanaolisema huku wamebetua midomo:
"Ah, Ragib merhametli, kamkopesha tena shemeji yake!"
Hapo maana yake ni zuzu.
Mama yangu alimwita baba hivyo kwa maana zote mbili
ndani ya sentensi moja, bila kupumua.

Mwaka niliovunjika mkono wa kulia
theluji ilipanda hadi kwenye vizingiti vya madirisha.
Kila Alhamisi, kabla ya adhana ya alfajiri,
mlango uligongwa mara moja.
Nikifungua, nakuta sufuria ya maharage,
mfuniko umefungwa kwa kipande cha soksi,
na nasikia ndara zikikimbia juu ya barafu.
Ndara za bibi wa miaka sabini na mbili!
Nilimwendea mchana, sufuria nimeisugua, nimekwapia.
Akanitazama kama mtoza kodi.
"Maharage gani? Mimi hata maharage sipiki."
Nyuma yake jiko lilikuwa linatokota.

Waliokwisha kufa tunawaita rahmetli.
Mzizi ni uleule, herufi nane.
Ng'oa mbili za mwanzo kwenye lile neno la kumi,
mbili zinazofuatana uzibadilishe nafasi,
na mtu amekuwa marehemu.
Nimechonga miaka thelathini
na jambo hilo bado linanikaushia koo,
ama labda ni vumbi.

Nikamwambia Zumreta: hapana.
Jina na tarehe, basi.
Mama yako angelisoma hilo neno
angeng'oka kaburini akalifute kwa kanga ya kichwani.
Alilia kidogo, akanikasirikia, akalipa herufi nane za jina.

Usiku nililaza jiwe ubavu.
Kwenye kitako, pale panapozama udongoni,
pasipofikiwa na jicho wala mvua,
nilichonga kumi, zimebanana, si nzuri sana;
mkono ule haukuunga sawasawa.

Siku ya kulisimika, mchimbaji aliinama, akaona.
"Ustadhi, na hili neno je?"
Neno gani? nikamwambia.
Mimi hata tahajia yake siijui.
Shindilia udongo.