Kisanduku cha Mawe

Unaniuliza, dada Eliakunda, kwa kipimo cha moja hadi tano,
niliridhika kiasi gani na simu kunipima ulevi.
Andika tatu. Kisha weka kalamu chini kidogo,
fomu yako haina kisanduku cha mawe.

Nakaa Kabuhoro, juu, juu kabisa,
kule nyumba zimeng'ang'ania majabali kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
Toka barabarani hadi mlangoni pangu ni ngazi mia na kumi na nne:
nyingine za saruji, nyingine za jiwe tupu,
nyingine ni za imani tu.
Jumatatu ya kwanza sikuonja kitu, hata togwa.
Nilipanda na nusu gunia la mkaa begani,
simu ikatetemeka mfukoni:
"Mwendo wako umebadilika. Huenda umelewa."
Nilicheka hadi mkaa ukamwagika.
Aliyeitengeneza amekulia tambarare, yule.
Kwetu hata katekista hupepesuka akitoka jumuiya
na hatujawahi kumsema.

Pale Mwaloni ninapotengeneza mashine za mitumbwi
kila mtu ana lake.
Bwire anasema hicho ni kishushushu:
leo kinamwambia daktari, kesho kinamwambia tajiri wa boti,
keshokutwa wale wa mikopo wanaopigia hadi wakwe zako.
Malimi hakubishana. Alimpa simu mtoto muuza mayai,
mtoto akaenda kama rula hadi kwenye mizani ya samaki na kurudi,
simu ikasema "uko salama",
Malimi akajipongeza kwa mbili za baridi.
Siku nyingine ikamtaka asome kwa sauti:
lori la Rorya lilirarua reli.
Loli la Lolya lililalua leli,
akasoma Malimi, mkavu kama kayabo,
ikamwambia arudi nyumbani akapumzike.
"Basi mama yangu," akasema, "amelewa tangu ubatizo."

Hayo ni ya kucheka. Swali la tisa nililikwepa siku nne,
lile la jina la mtu wa kuaminika.
Mke alishapanda meli kwenda kwao Ukerewe, hakusema lini.
Kaka ananidai. Bwire umeshamsikia.
Nikaandika Nyamizi, binti yangu, kidato cha pili,
mwenye simu ya kioo cha nyufa.

Ijumaa ya malipo nilikunywa toka saa kumi,
nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, sikupiga hata hatua.
Nilidhani asiyetembea hapimwi.
Lakini nilimwandikia mama Nyamizi, vidole vikateleza,
nakpenda rdi nyumbn,
na simu inasoma vidole.

Sikusikia ilipomwita mtoto.
Nilimwona tu, saa nne na nusu usiku,
kati ya wapakia dagaa na midomo yao,
sketi ya shule chini ya khanga, tochi mkononi.
Hakuniambia kitu.
Alichukua simu yangu, akachukua mkono wangu,
akauzungusha shingoni kwake.
Kwenye ngazi akahesabu kwa sauti,
kama nilivyomfundisha akiwa na miaka mitatu.
Ya sitini na mbili nilikaa. Akaninyanyua.
Ndipo simu, kiganjani mwake, ikatetemeka:
"Mwendo wako umebadilika. Huenda umelewa."
Akaisoma.
Sitini na tatu, akasema.

Swali la mwisho, kama nitaendelea kuitumia.
Ndiyo, tia alama.
Jina la Nyamizi nimelifuta, ana mtihani.
Nimeweka namba yako, ile uliyoandika juu ya fomu
ukasema nipige wakati wowote.
Ngazi ni mia na kumi na nne.
Njoo na tochi.