Kutega

Usiku wa tatu bila chupa
mikono ilitetemeka hadi nikaikalia.
Nsimire aliniwekea uji, akaenda kulala.
Maneno yalikuwa yamekwisha nyumbani mwetu,
zilibaki sufuria tu kuzungumza.

Jumanne tulikutana nyuma ya shule, Kadutu,
watu saba kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigusa kidevu.
"Mkabidhi Mungu," waliniambia. Waliniambia kwa upole.
Nilijaribu, kweli. Nilifumba macho.
Kilichokuja ni giza la kope zangu
na harufu ya chaki.

Mama alikwisha nipitisha kwa wachungaji watatu.
Wa kwanza alinimwagia mafuta.
Wa pili alinifungisha siku saba.
Wa tatu alinizaba kofi ili pepo litoke.
Pepo halikutoka. Nilitoka mimi,
nikateremka moja kwa moja
kwa Namwezi, muuza kanyanga.

Cibalonza hakunihubiria.
Ana miaka kumi na mmoja bila tone;
kila mwezi hutia kifungo cha shati ndani ya kopo la maziwa,
na kopo hilo hutembea nalo mkobani, likilia.
Alinisimamisha kwenye ngazi:
"Wewe kazi yako nini?"
"Mabomba."
"Na bomba likivuja ardhini, unapajuaje?"

Nikamweleza. Unangoja saa nane usiku,
redio zizimwe, jenereta ya mwisho ikohoe inyamaze,
mbwa wa Muhumba wachoke kugombana na wale wa ng'ambo ya Ruzizi.
Unasimamisha fimbo ya chuma,
ncha moja juu ya bomba,
nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio.
Unazuia pumzi.
Bomba zima lina mvumo mmoja, mnene, wa kulala.
Panapovuja pananong'ona
kama watu wanaosengenya chini ya blanketi.
Ukiwa na haraka utasikia moyo wako tu,
utachimba barabara ya watu bure.

"Basi," akasema, akashuka,
kama mtu aliyekwisha nirudishia chenji.

Nilimkasirikia wiki nzima.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Mvua. Kiu
ilipanda kutoka kwenye nyayo,
na miguu ilikwisha kujua njia ya kwa Namwezi,
vidato mia mbili na sita vya udongo, hata gizani.
Nikaketi kizingitini, kiatu kimoja mguuni.
Nikazuia pumzi.

Nilidhani kiu hunguruma.
Yangu ilinong'ona.
Nikaifuata polepole, bila koleo,
chini ya Namwezi, chini ya deni, chini ya ugomvi,
hadi kwenye mvua nyingine, ya mwaka ule,
kilima kikiachia,
na mlango wa Mugisho, mdogo wangu,
ukiteremka bondeni
ungali umefungwa kwa ndani.

Nikakaa hapo nao.
Kulipokucha, kiatu cha pili
kilikuwa bado mkononi.

Siku hizi wakiniuliza kwenye madawati,
nani aliye mkubwa kuliko wewe, Balagizi,
nawaambia: maji.
Hayanijui jina. Hayajanisamehe kitu.
Yanashuka usiku kucha kutoka mlimani
kwenda kwenye mabidoni ya watu nisiowajua,
mtoto wa mtu atanawa uso, ataenda shule,
nami nimeajiriwa yasipotee njiani.
Mzee mmoja hutikisa kichwa. Cibalonza hutikisa kopo.

Kwa lipi nikiite nisijue.
Mimi husema kutega,
kwa sababu sikio hutegwa, na mtego pia,
na vyote viwili hutaka ukae kimya.

Mama hajakata tamaa. Jumapili
huniwekea viganja utosini, hunena kwa kasi.
Nainamisha kichwa. Amina siitikii.
Nasikiliza kifua chake:
upande wa kushoto, kila akivuta pumzi,
kuna mluzi mdogo.
Kesho nampeleka kwa daktari.