Nafasi ya Jina la Tatu

Ubaoni: Mapinduzi ya Unguja, matokeo.
Moja hadi sita. Kidato cha tatu wananakili,
Athmani anapigia mstari kila jibu kwa rula.
"Yaliisha lini, mwalimu?"
Usiku mmoja, nikasema, nikapangusa chaki.

Baada ya adhuhuri, fomu za mtihani.
Majina matatu, herufi kubwa.
Thureya kaandika mawili, kasita,
kisanduku cha mwisho kikabaki cheupe.
Nenda kaulize nyumbani, nikamwambia,
Nairobi hawapokei pengo.

Asubuhi akaniletea jibu la nyanyake
kama alivyolitamka kitandani, Langoni:
"Ina lile naliliwata Unguja.
Wenye nalo hawakusazwa."

Darasa likanyamaza. Mimi zaidi.

Kwetu Mkomani kuna saa ya ukutani
aliyorudi nayo babu kutoka huko, mwaka ule ule,
imefungwa kwa shuka ya mtu.
Hakuna aliyewahi kumuuliza.
Mama huitia ufunguo kila Ijumaa,
huipangusa kioo kwa upindo wa leso.
Haijakosea hata dakika.

Nilitaka kumwambia Thureya.
Nilifungua kinywa, nikaita jina linalofuata kwenye orodha.

Kisha nikachukua chaki. Nikaandika: saba.
Nikatafuta neno. Kengele ikalia.
Wakanakili vivyo hivyo, saba na nukta,
na Athmani, kwa rula yake,
akapigia mstari pale pasipo kitu.