Mabirika Mawili

Wamekuja ishirini na watatu tangu Novemba.
Najua, kwa sababu nahesabu buti.
Hapa Saskatuni haingii mtu na viatu nyumbani kwa mwenzake,
hata anayekuja kuinunua.
Wanaziacha mlangoni, jozi kwa jozi,
zikivuja theluji na chumvi ya barabarani,
wanapanda ngazi kwa soksi, kimya,
kama wezi wenye adabu.

Corinne, dalali wetu, ana sababu zake.
Kwanza bei. Tukaipunguza elfu tisa.
Kisha zulia la sebuleni, lenye rangi ya maini.
Tukaling'oa, Orest kutoka upande wake, mimi wangu,
tukakutana katikati bila kutazamana.
Kisha picha: ondoeni hizo nyuso ukutani,
mnunuzi anataka kuiona sura yake mwenyewe.
Basi mama mkwe na kilemba chake cha maua
akashushwa, akafungiwa sandukuni.
Kisha harufu. Tia vanila kwenye oveni, akasema,
dakika kumi kabla hawajafika.
Nikatia.
Nyumba ikanukia keki ambayo haipo.

Na wanaipenda! Usidhani hawaipendi.
Wanagonga sakafu kwa visigino,
wanafungua bomba, wanasubiri maji yapate moto,
wanasimama kwenye dirisha la nyuma
pale mto unapoonekana, umeganda kati ya mierebi mitupu,
wanasema, Oo.
Jioni Corinne anapiga simu: wameipenda mno, watafikiri.
Kufikiri huko hakujawahi kurudi na namba.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Haya, wamekuja.

Tuliachana Agosti.
Karatasi zimetiwa sahihi, pete nimeuza,
lakini benki haijui talaka, inajua rehani,
na mpaka nyumba iuzwe
hakuna kati yetu wa kumudu kuondoka.
Orest analala chini, kando ya tanuri la kupasha nyumba joto.
Mimi juu.
Rafu ya juu ya friji ni yake, mbili za chini zangu.
Chumvi mbili, sukari mbili,
na pale jikoni, bega kwa bega,
mabirika mawili ya umeme.

Corinne anatusihi tutoke wageni wanapokuja.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
na nani atatangulia kutoka
amwache mwenzake asimulie nyumba peke yake?
Paa lilibadilishwa miaka sita iliyopita, nasema.
Saba, anasema Orest.
Basi saba.
La, kama umesema sita, ni sita.
Na mgeni anainua macho
kana kwamba limeanza kuvuja sasa hivi.

Jumamosi iliyopita walikuja akina Dhaliwal,
mume, mke, na binti yao Jasnoor,
miaka sita, soksi zenye bata.
Mama alikuwa tayari anapima dirisha kwa viganja,
pazia limeshaning'inia kichwani mwake, niliona.
Mtoto akauliza:
Kwa nini wana mabirika mawili?

Moja la wageni, akasema Orest.
Moja limeharibika, nikasema mimi,
kwa pumzi ileile.

Mtoto akayatazama. Akamtazama mama yake.
Mama akakumbuka ana miadi mahali.
Sijapata kuona buti zikivaliwa upesi vile,
hata zipu ya baba ikakwama,
akaondoka nayo wazi, akichechemea kwenye theluji.

Wakaacha kidimbwi mlangoni.
Tambara la kupigia deki tunalo moja tu.
Nililichukua, akachukua ndoo.
Miaka kumi na tisa tumeifuta sakafu ile hivyo,
bila kuagizana.

Tulifiche moja, akasema, amechutama, anakamua.
Wazo zuri, nikasema.
Akangoja. Nikangoja.
Lako, akauliza, au langu?

Wengine wanakuja leo saa nane.
Vanila imo ovenini.
Nimepita jikoni sasa hivi:
bado yapo, yote mawili,
na moja, sikutazama lipi,
lilikuwa linaanza kuchemka.