Fungua Mdomo Tu

Heldur alikuja kutengeneza boila,
si kujifunza kuimba.
Januari, mji wa Võru, theluji imepanda hadi madirishani,
shule ya muziki baridi kama tumbo la kengele.
Alilaza sikio kwenye bomba, akafumba macho:
"Beringi ya pampu inakufa. Ina wiki mbili."
Kisha, akifuta mikono kwa kitambaa cheusi,
"Na piano yako, mwalimu, pale katikati,
kuna waya unalia chini ya wenzake."

Nikabonyeza.
Kweli.
Miaka thelathini na moja juu ya kiti hiki
nami nimeizoea kasoro ile
kama mtu anavyozoea mlango wake unaokwaruza.

Nikamwambia, una sikio.
Akacheka kana kwamba nimemwambia ana mkia.

Darasa la pili, akasema, siku moja kabla ya tamasha,
mwalimu alipita kati ya safu akiinamia kinywa cha kila mtoto
kama daktari wa meno.
Alipofika kwake akamgusa bega.
*Wewe fungua mdomo tu. Usitoe sauti.*
Akafungua mdomo. Miaka hamsini na miwili.
Kwenye harusi yake. Juu ya kaburi la mama yake.
Hata kiangazi kile nchi nzima iliposimama uwanjani usiku kucha ikiimba,
yeye, kijana wa miaka ishirini na minne,
alichezesha midomo kama samaki nyuma ya kioo,
machozi yakimtoka, sauti haimtoki.

Nami niseme kweli:
sentensi ile naijua ladha yake ulimini.
"Si kila gogo hutoa fidla," nilipenda kusema
chumba cha walimu, nikikoroga kahawa.
Wenzangu walicheka. Tiiu hakuwapo,
Tiiu wa miaka tisa niliyempokonya fidla
nikampa pembetatu ya chuma,
aigonge mara mbili, mwisho wa wimbo.

Jumanne ya kwanza Heldur alinuka grisi na sabuni.
Nilimpa noti, akanirudishia kitu
cha kati ya noti yangu na ya jirani.
Mara ya pili, vivyo hivyo. Mara ya tisa.
Maneno ya zamani yakanipanda kooni, yamevaa kabisa, tayari kutoka.
Nikayameza. Nikauliza:
pampu ikiwa nzima, inaliaje?

*Mmmmm*, akafanya.
Nikaitafuta kwenye piano: fa.
Fa yenyewe, imesimama wima.
Na ikiugua?
Akashuka nusu ya nusu, kwa makusudi, bila kutikisika.
Kuimba hakujui, lakini bomba analiimba!

Basi tukasoma hivyo hadi barafu ya ziwa ikapasuka:
jokofu la dukani, lifti ya hospitali,
kiyoyozi cha benki kinachoomboleza.
Noti moja kwa mashine moja.
Bado hukosea. Akichoka hushuka kama mzigo.

Jumanne moja akaniuliza, akivaa koti,
"Na wewe? Mbona sijawahi kukusikia?"
Nikasema, mimi nafundisha.
Akanitazama alivyoitazama boila.
Sikumweleza kuhusu Tallinn, mtihani, miaka kumi na tisa,
ukurasa wa tatu uliofutika kichwani,
kimya cha ukumbi, kikohozi cha mtu.
Tangu hapo nafungua kifuniko cha piano mbele za watu,
nafungua tu.

Usiku ule nilicheza hadi ukurasa wa nne.
Vibaya. Dirisha wazi.

Tiiu siku hizi yuko posta, dirisha la pili,
ana miaka thelathini na minne na vidole virefu vilevile.
Nimekwenda mara sita.
Kila mara naishiwa maneno, naomba stempu.
Ananipa, anagonga muhuri wa risiti
mara mbili,
kwa wakati wake hasa.